Asilimia ya Nini?

Kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kujibu swali moja linalokuja kwa sura nyingi: bidhaa yenu ina nini ndani yake? Tunatengeneza nyaya za umeme zenye plagi, zile zinazouzwa kwa viwanda vingine ili vikaziunganishe na mashine zao, na kila kiwanda kinachonunua hutuletea fomu yake. Mmoja huleta lahajedwali lenye mistari mamia, mwingine hututaka tuingie kwenye tovuti yake tukajaze huko huko, na wa tatu huleta barua ya ukurasa mmoja inayomtaka mkurugenzi atie saini kwamba hatuna kemikali yoyote hatari, pasipo kusema ni hatari kwa mujibu wa orodha ipi. Nimewahi hata kupokea barua inayotutaka tuthibitishe kwamba bidhaa yetu "haina kemikali". Waya ni ule ule kwa wote. Majibu, kwa bahati mbaya, si yale yale, na sababu yake si ile ambayo watu wengi huifikiria.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Plagi ya waya wetu mmoja ina pini za aloi ya shaba na zinki ambazo kwa jumla zina uzito wa gramu 6. Aloi hiyo ina metali ya risasi kiasi cha asilimia 3, kwa kuwa risasi kidogo humrahisishia kazi fundi wa mashine ya kukereza: vipande vinavyochongwa hukatika vifupi vifupi badala ya kujisokota kama utepe na kung'ang'ania kwenye kisu. Asilimia 3 ya gramu 6 ni gramu 0.18. Waya mzima, pamoja na plagi yake, una gramu 200. Fomu ya mnunuzi iliuliza kama risasi imezidi asilimia 0.1, nikagawa 0.18 kwa 200, nikapata asilimia 0.09, nikaandika kwamba haijazidi, nikafunga faili. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Jibu lilikuwa si la kweli.

Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina namba mbili, kiasi juu ya mstari na asili chini yake, na neno asilimia lenyewe limeibeba hiyo asili ndani yake. Lakini fomu nyingi zinazozunguka viwandani hushughulika na kiasi peke yake. Huuliza "risasi ni asilimia ngapi?" kana kwamba swali limekamilika, na anayejaza huchagua asili inayompendeza, mara nyingi bila kujua kwamba amechagua. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Niligawa kwa uzito wa kitu ninachokiuza, kwa sababu ndicho kilichokuwa mezani.

Sheria zenyewe hazikubaliani kuhusu asili hiyo, na hapa ndipo mambo yanapostahili kuangaliwa kwa utulivu. Agizo la Umoja wa Ulaya la kuzuia kemikali hatari katika vifaa vya umeme, linalojulikana kama RoHS, lililoanza kubana bidhaa za umeme zinazoingia sokoni tarehe 1 Julai 2006 na kuandikwa upya mwaka 2011, hugawa kwa uzito wa malighafi ya aina moja, yaani kitu ambacho huwezi kukitenganisha zaidi kwa kukifungua skrubu, kukikata, kukiponda, kukisaga wala kukikwangua. Chini ya agizo hilo pini yangu si kitu kimoja hata kidogo: aloi ya ndani ni malighafi moja, na utando mwembamba wa nikeli ulioipaka ni malighafi nyingine, kila moja ikihesabiwa peke yake. Kikomo cha risasi ni asilimia 0.1 katika kila malighafi, kwa hiyo pini yenye asilimia 3 imekivuka mara thelathini. Ila kuna msamaha unaoruhusu aloi za shaba kuwa na risasi hadi asilimia 4, na pini yangu inapona kwa msamaha huo, si kwa udogo wake ndani ya waya.

Kanuni nyingine ya Ulaya, REACH, inayosimamia kemikali kwa jumla na iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2007, hufuata njia tofauti. Kifungu chake cha 33 kinamtaka anayeuza kitu chenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali iliyomo katika orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa amweleze mnunuzi wake, na angalau amtajie jina la kemikali hiyo. Mlaji wa kawaida akiuliza, anatakiwa kujibiwa bure ndani ya siku 45. Asili hapa ni kitu chenye umbo. Lakini kitu kipi? Waya wenye plagi, au pini iliyomo ndani ya plagi? Kwa miaka kadhaa mwongozo wa Wakala wa Kemikali wa Ulaya ulikubali kugawa kwa bidhaa nzima inayoingizwa sokoni, huku baadhi ya nchi wanachama, Ufaransa ikiwamo, zikipinga. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 10 Septemba 2015 iliamua kwamba kitu kilichokwisha kupata umbo lake hubaki kuwa kitu hata kikiunganishwa na vingine, na kwamba asilimia 0.1 hupimwa kwa kila kimoja. Hukumu hiyo haikubadilisha hata gramu moja ya risasi katika bidhaa yoyote duniani. Ilibadilisha namba ya chini ya mstari, na kwa siku moja bidhaa nyingi ambazo zilikuwa kimya kisheria zikawa na la kusema.

Risasi yenyewe iliingia katika orodha hiyo ya wasiwasi mkubwa mwezi Juni 2018. Kwa hiyo pini ile ile ina majibu matatu, yote ya kweli: asilimia 3 ya malighafi, ikiwa na msamaha, asilimia 3 ya kitu, ambayo lazima itangazwe kwa mnunuzi, na asilimia 0.09 ya waya mzima, ambayo haimsaidii mtu yeyote. Ukipokea fomu isiyosema inataka lipi kati ya hayo matatu, basi mliomo katika mazungumzo hayo mnabahatisha wote wawili.

Ni vigumu kwa mtu wa nje kuamini kwamba taarifa hii ya pini si siri, wala haikuhitaji maabara. Kampuni iliyoyeyusha aloi na kuivuta kuwa fito hutoa cheti kwa kila shehena, na cheti hicho hutaja kila metali kwa asilimia zake. Aloi ambayo viwango vya Ulaya huiita CW614N, kwa mfano, inatakiwa kuwa na risasi kati ya asilimia 2.5 na 3.5. Mkerezaji hupokea cheti hicho pamoja na fito, hukiweka kwenye jalada, hukereza pini maelfu kwa maelfu, kisha huziuza kwa ankara isiyotaja risasi mahali popote. Hakuna aliyeficha chochote. Taarifa ilifika mlangoni kwake ikiwa hai, ikabaki pale pale, na pini zikaendelea na safari bila yake.

Mahali hapo taarifa inapokatikia pana sababu yake ya kihistoria. Kwa kemikali zenyewe, yaani vimiminika vya mapipani na unga wa magunia, dunia ilikwisha kukubaliana kwa kiasi kikubwa. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuweka lebo kemikali, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003, uliweka karatasi ya taarifa za usalama yenye vipengele 16 kwa mpangilio usiobadilika, hivi kwamba anayetafuta muundo wa mchanganyiko anajua kufungua kipengele cha 3 hata kama karatasi imeandikwa kwa lugha asiyoielewa vizuri. Karatasi hiyo, hata hivyo, ilitengenezwa kwa ajili ya mfanyakazi anayemwaga kemikali na anayepaswa kujua avae glavu zipi. Kemikali ikishaganda ikawa kitu, karatasi inaishia hapo.

Na haifai mtu adhani kwamba dawa ni kuinakili karatasi ile na kuisogeza mbele. Gundi inayobana ala, yaani ganda la nje, ya waya wetu ina kiyeyusho kinachoruka hewani chote ndani ya saa chache, na ina viambato viwili vinavyoungana na kuwa kitu cha tatu ambacho hakikuwamo kwenye chupa yoyote. Karatasi ya usalama ya gundi inaniambia kilichoingia kiwandani. Mnunuzi wangu anataka kujua kilichotoka. Mtu pekee anayeweza kuigeuza taarifa ya kwanza kuwa ya pili ni yule aliyeitumia gundi, anayejua imekauka kwa joto gani na imebaki gramu ngapi. Ndiyo maana nasema kiungo muhimu kuliko vyote katika mnyororo huu si kampuni kubwa ya kemikali wala kampuni kubwa yenye nembo inayojulikana, bali ni yule wa katikati anayegeuza kemikali kuwa kitu: mkerezaji, myeyushaji wa plastiki, mpakaji rangi. Aghalabu ni kampuni ndogo, haina mtaalamu wa kemia, na ndiyo inayopokea fomu nyingi kuliko zote.

Baada ya asili linakuja jina, na hapa nitachukua mfano wa ala ya waya wetu. Ala hiyo ni plastiki ya PVC, ambayo kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji, hivyo huchanganywa na kilainishi. Kwa muda mrefu kilainishi kilichotumika zaidi kilikuwa cha jamii ya ftaleti kiitwacho DEHP, ambacho sasa ni kimoja kati ya ftaleti nne zilizoongezwa katika agizo la RoHS mwaka 2015 na kuanza kubanwa tarehe 22 Julai 2019, kikomo kikiwa asilimia 0.1. Tatizo ni kwamba sokoni kilainishi hicho kilizoeleka kuitwa DOP. Na jina hilo hilo la DOP, likisomwa na mkemia kama lilivyo, linaweza kumaanisha ftaleti nyingine, ndugu yake wa karibu, ambayo haimo katika zile nne. Nimewahi kupokea tamko lililosema kwa ujasiri kwamba plastiki "haina DEHP", na kwenye ukurasa wa pili likaorodhesha DOP kama kiambato. Aliyeandika hakuona mgongano wowote, na sidhani alikuwa mwongo.

Kinachookoa hapo ni namba ya CAS, inayotolewa na Chemical Abstracts Service, kitengo cha Jumuiya ya Kemia ya Marekani, ambacho kilianza kusajili kemikali kwa namna hiyo mwaka 1965. DEHP ni 117-81-7. Yule ndugu yake ni 117-84-0. Namba hizo zina ujanja mdogo ambao naupenda sana: tarakimu ya mwisho ni ya kukagua zilizotangulia. Chukua maji, ambayo nayo ni kemikali, pamoja na heshima zote kwa wale wanaotaka bidhaa isiyo na kemikali. Namba yake ni 7732-18-5. Anzia kulia, ukiiacha ile 5, uzidishe 8 kwa 1, 1 kwa 2, 2 kwa 3, 3 kwa 4, 7 kwa 5 na 7 kwa 6. Ukijumlisha unapata 105, na tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo ni 5, sawasawa na ile uliyoiacha. Lahajedwali linaweza kufanya ukaguzi huo kwa kila mstari, na nilipoliwekea langu fomula hiyo nilikuta namba kadhaa ambazo watu walikuwa wakizinakili kwa miaka zikiwa na tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ukaguzi huo una mpaka wake, bila shaka. Ukiandika 117-84-0 mahali pa 117-81-7, zote mbili ni namba halali, na hakuna fomula itakayokwambia kwamba umemtaja ndugu asiyehusika. Isitoshe, sheria nyingi hutaja makundi, kama vile misombo ya risasi au ya kromiamu yenye valensi sita, na kundi halina namba moja. Lazima mtu fulani akae aandike wanachama wake.

La tatu ni tarehe, ambalo halihitaji maneno mengi. Orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa ilianza Oktoba 2008 ikiwa na kemikali 15. Leo zimepita 200, na kwa kawaida huongezwa mara mbili kwa mwaka. Tamko lisemalo kwamba bidhaa haina kemikali ya orodha hiyo, bila kusema orodha ya tarehe ipi, linaanza kuchakaa siku lilipotiwa saini.

Asili, jina, tarehe. Ukivikosa hivyo vitatu, hata fomu iwe nzuri kiasi gani unasambaza namba tupu kwa unadhifu. Nasema hivi kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kusanifisha taarifa za kemikali huanzia kwenye muundo wa faili na programu ya kuijazia, na hata mimi niliingia kwenye kazi hii nikiamini kwamba shida yetu ni wingi wa fomu. Wingi wa fomu ni kero ya kweli. Lakini fomu kumi zinazouliza jambo moja kwa usahihi ni kero tu. Fomu moja ya dunia nzima isiyotaja asili ingekuwa ni kosa langu la pini lililosambazwa kila mahali.

Historia ya juhudi hizi inafundisha mengi kuhusu hilo. Mwishoni mwa mwaka 2001 mamlaka za Uholanzi zilizuia shehena ya mashine za michezo ya video za Sony, zaidi ya milioni 1.3, kwa sababu kadmiamu, metali yenye sumu, katika nyaya zake ilizidi kiwango kilichoruhusiwa nchini humo. Kwa mtu anayetengeneza nyaya, habari hiyo haisahauliki: kilichoangusha mashine nzima kilikuwa ni waya. Baada ya hapo kampuni za elektroniki zilianza kuwauliza wauzaji wao kwa bidii kubwa, kila moja kwa fomu yake, na ndipo mafuriko tunayoyaona yalipoanza.

Sekta ya magari ilikuwa imetangulia. Mwaka 2000 kundi la watengenezaji wa magari, wengi wao wa Ujerumani, walianzisha mfumo mmoja wa pamoja uitwao IMDS, ambao muuzaji huingiza humo muundo wa kitu chake kama mti: kitu, ndani yake malighafi, ndani ya malighafi kemikali, kila ngazi ikiwa na uzito wake. Mfumo wa namna hiyo hauulizi asilimia ya nini, kwa kuwa mti wenyewe unajibu; mtu yeyote anaweza baadaye kugawa kwa ngazi anayoitaka. Naukubali sana mpangilio huo, ijapokuwa kuujaza ni kazi ya kuchosha macho. Kasoro yake kwetu ni kwamba ni wa magari. Pini ile ile inayokwenda kwenye gari huenda pia kwenye mashine ya kufulia, na mnunuzi wa mashine ya kufulia hana habari na mti nilioujenga upande ule.

Japani ilipitia njia ndefu zaidi ambayo naiona ni ya busara. Kampuni zake za elektroniki zilikuwa na fomu yao ya pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha mwaka 2006 ukaundwa umoja wa viwanda uitwao JAMP ukiwa na fomu zake, moja ya kemikali na nyingine ya vitu. Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda iliwaita wote, na mwaka 2015 ukazinduliwa mpango mmoja, chemSHERPA, ambao sasa husimamiwa na JAMP na programu yake hutolewa bure. Jambo la maana humo, kwa maoni yangu, si programu. Ni kwamba mpango una faili ya aina mbili zinazoshikana, moja ya kemikali na michanganyiko na nyingine ya vitu, na hivyo unamtambua rasmi yule wa katikati niliyemtaja, anayepokea faili ya kwanza na kutoa ya pili. Faili zake zimejengwa juu ya kiwango cha kimataifa, IEC 62474, kilichotolewa mwaka 2012 kwa ajili ya vifaa vya umeme. Kiwango hicho kina hifadhidata iliyo wazi mtandaoni ambayo husahihishwa sheria zinapobadilika, na karibu na kila kikomo huandikwa kikomo hicho ni cha nini: cha kitu, au cha malighafi. Ni maneno mawili matatu tu kwenye safu moja. Yangekuwamo kwenye fomu niliyoijaza siku ile, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Upo upinzani, na si wote wa kupuuzwa. Mtengenezaji wa plastiki akitaja kila kiambato na uzito wake, ametoa mapishi yake yote kwa washindani. IMDS ilipatana naye kwa kumruhusu afiche hadi asilimia 10 ya malighafi, ilimradi hakuna kemikali ya orodha ya kutangazwa iliyofichwa humo. Naona huo ni mwafaka wa haki kwa leo. Ila tukumbuke kwamba orodha hukua, na kilichofichwa mwaka huu kwa halali kinaweza kuwa ndicho kinachotafutwa miaka mitano ijayo, wakati ambapo aliyekificha huenda hayupo tena kwenye biashara.

Wengine husema tuache matamko, tupime. Kosa langu liligunduliwa kwa kupima: mteja wa mteja wetu alifungua plagi, akaweka pini chini ya kifaa cha mionzi ya X, na baada ya muda mfupi akaona risasi asilimia 3 pale nilipoandika kwamba haijazidi 0.1. Sikuwa na la kujitetea. Hata hivyo kifaa hicho huona elementi, hakioni misombo. Kitakwambia kuna kromiamu, hakitakwambia kama ni ile yenye valensi sita iliyozuiwa au ya kawaida iliyo katika chuma kisichoshika kutu. Ftaleti ndani ya plastiki hazionekani kwake kabisa, na hizo zinahitaji maabara. Tena waya nilioupima leo hausemi lolote kuhusu shehena ya mwezi ujao, ikiwa myeyushaji wa plastiki ameamua kubadili kilainishi kwa sababu kile cha zamani kimepanda bei. Mabadiliko ya namna hiyo, yanayofanywa ngazi tatu nyuma yangu bila kubadilisha namba ya bidhaa, ndiyo yanayoninyima usingizi kuliko fomu zote.

Kwa hiyo nimeacha kusubiri fomu moja ya dunia. Kwa wauzaji wetu wadogo nimetengeneza ukurasa mmoja wenye safu za kitu, uzito wake, asili ya asilimia, namba ya CAS, kiasi na tarehe ya orodha, na nimeupanga kwa namna ambayo naweza kuuingiza kwenye faili ya chemSHERPA au kwenye mti wa IMDS bila kuuliza tena. Wengine waliurudisha ukiwa mtupu. Mmoja alijaza sifuri kila mahali, nami nikamwandikia, "Ndugu, sifuri hii ni ya nini?"

Wiki iliyopita mkerezaji wetu wa pini alirudisha wa kwake. Kwenye safu ya asili aliandika "pini moja, bila utando wa nikeli". Kwenye safu ya kiasi aliandika 2.9, na chini akaambatisha nakala ya cheti cha fito alikoitoa namba hiyo, kikiwa na alama ya kidole chenye mafuta kwenye kona. Cheti kina tarehe ya miaka mitatu iliyopita. Nimemwandikia tena kumuuliza kama fito anazonunua leo bado zinatoka kiwanda kile kile.